Changamoto ya Kusoma Iliyokwama Kwenye Diwani: Uchambuzi wa Kisa

Msomaji anayezungumziwa katika uchambuzi huu si mwanafunzi wa fasihi wala mhakiki. Ni mtu mwenye kazi na familia, anayesoma usiku kabla ya kulala na siku za mapumziko, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisoma karibu aina moja tu ya vitabu, yaani riwaya za upelelezi. Mwanzoni mwa mwaka alijiwekea changamoto ya kusoma vitabu kumi na viwili vya tanzu kumi na mbili tofauti, kila mwezi kitabu kimoja, bila kurudia utanzu. Hakushindana na yeyote. Alitaka kujua kuna nini katika rafu ambazo siku zote alikuwa akizipita. Vitabu vitatu vya kwanza alivimaliza bila shida, cha nne kikamkwamisha, na changamoto ikalala kwa muda mrefu kabla ya kufufuliwa kwa kanuni nyingine kabisa. Kisa chenyewe ni kidogo, lakini kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu kilichomkwamisha yeye ndicho kinachowakwamisha wasomaji wengi wa namna yake, na maelezo ambayo watu huyatoa upesi, kwamba mhusika ni mvivu au kwamba utanzu fulani haumfai, hayaelezi kilichotokea.

Chanzo cha tatizo kimo katika orodha aliyoiandika siku ya kwanza. Ilikuwa na riwaya ya kihistoria, riwaya ya kutisha, bunilizi ya kisayansi, diwani ya mashairi, tamthilia, mkusanyiko wa hadithi fupi, riwaya ya mapenzi, tawasifu, kitabu cha safari, kitabu cha sayansi kilichoandikiwa msomaji wa kawaida, kitabu cha vijana na kitabu cha falsafa. Kwa mtazamo wa haraka ni orodha pana na ya haki. Ukiichunguza, hata hivyo, utaona kwamba vigezo vitatu tofauti vimechanganywa ndani yake kana kwamba ni kimoja. Historia, mapenzi, safari na hofu ni mambo ya maudhui, yaani kile ambacho kitabu kinakizungumzia. Diwani, tamthilia na hadithi fupi ni mambo ya umbo, yaani jinsi kitabu kilivyojengwa. Kitabu cha vijana kimepewa jina lake kutokana na hadhira. Mchanganyiko huu si kosa la msomaji huyu peke yake, kwa kuwa orodha nyingi za aina hii huigwa kutoka kwenye vibao vya rafu, na kibao cha rafu kina kazi moja tu ya kumwezesha mtu akipate kitabu anachokitafuta. Mkutubi wa Marekani Melvil Dewey alipochapisha mfumo wake wa kuainisha vitabu vya maktaba mwaka 1876, akiyagawa maarifa yote katika makundi makuu 10, alikuwa akilitatua tatizo hilo la kukipata kitabu, na kwa kazi hiyo mfumo wake unatumika hadi leo katika nchi nyingi. Namna ya kukisoma kitabu baada ya kukipata ni suala jingine, ambalo rafu haiwezi kulijibu.

Sasa tazama vile vitabu vitatu vilivyokwenda vizuri. Cha kwanza kilikuwa riwaya, cha pili riwaya, cha tatu riwaya. Mada zilibadilika sana, kutoka vita vya zamani hadi nyumba yenye mizimu hadi safari ya sayari nyingine, lakini umbo lilibaki lile lile alilolizoea: wahusika, mgogoro, sura zinazofuatana, na swali linalomvuta msomaji hadi mwisho. Kwa hiyo kile alichokihesabu kuwa tanzu tatu mpya kilikuwa, kwa upande wa kazi inayofanywa na macho na akili, utanzu mmoja aliokuwa ameshaumudu. Diwani ndiyo iliyokuwa badiliko la kwanza la umbo, na ndipo aliposimama. Naona jambo hili kuwa kiini cha kisa chote, kwa sababu msomaji mwenyewe aliamini kwamba ameyaweza mambo matatu mapya na kushindwa na la nne, ilhali ukweli ni kwamba jipya hasa lilikuwa hilo la nne.

Ni vyema kusema kidogo kuhusu mazoea aliyokuwa nayo. Hadithi ya upelelezi kama tunavyoijua kwa kawaida huhesabiwa kuanza mwaka 1841, pale mwandishi wa Marekani Edgar Allan Poe alipochapisha kisa cha mauaji kilichofumbuliwa na mtu anayetumia akili yake kuunganisha dalili ambazo wengine waliziona bila kuzielewa. Tangu hapo utanzu huu umemfunza msomaji wake tabia maalumu. Humfanya asome kwa mbio, kwa kuwa jibu liko mbele. Maelezo ya mandhari huyapitia juu juu, ila pale anapohisi kwamba yameficha dalili. Jambo likirudiwa huliruka, kwa kuwa ameshalishika. Zaidi ya yote, huamini kwamba ukurasa wa mwisho utamlipa kwa kurasa zote zilizotangulia. Tabia hizi si mbaya hata kidogo. Ni ustadi wa kweli, na msomaji huyu alikuwa nao kwa kiwango cha juu. Ziliingia hata katika daftari lake la changamoto, ambalo lilikuwa na safu tatu tu: jina la kitabu, idadi ya kurasa, na tarehe ya kumaliza. Alikuwa amejipangia kurasa thelathini kila usiku, na kipimo hicho hakikubagua kitabu.

Diwani aliyoichagua ilikuwa na mashairi mengi ya arudhi, yaani yanayofuata kanuni za vina na mizani, na machache ya mtindo huru. Kwa kurasa thelathini kwa usiku aliimaliza katika siku chache, akaandika tarehe, kisha akagundua kwamba hakuweza kulitaja hata shairi moja lililombakia akilini. Aliirudia kwa kasi ile ile, na matokeo yakawa yale yale. Akaiweka kando, akajaribu tamthilia iliyofuata kwenye orodha, akaiacha katika onyesho la pili. Mkusanyiko wa hadithi fupi aliusoma nusu, huku akilalamika kwamba kila anapoanza kumzoea mhusika, hadithi inakwisha. Miezi ikapita bila tarehe mpya katika daftari. Katika kipindi hicho hicho alisoma riwaya kadhaa za upelelezi nje ya orodha, kwa raha na kwa haraka.

Taarifa hiyo ya mwisho ndiyo inayoyaondoa maelezo ya uvivu. Mtu anayemaliza riwaya nene kwa wiki moja hana upungufu wa muda, wala wa nguvu, wala wa mapenzi ya kusoma. Vilevile hatuwezi kusema kwamba ushairi haukumfaa, kwa sababu ushairi alikuwa bado hajausoma. Alikuwa ameyapitisha macho juu ya maneno ya mashairi kwa utaratibu wa kusoma riwaya.

Kasi yenyewe inaweza kupimwa. Mwaka 2019 mtafiti Marc Brysbaert alikusanya matokeo ya tafiti 190 kuhusu kasi ya kusoma Kiingereza kimyakimya, akapata wastani wa maneno 260 kwa dakika kwa vitabu vya kubuni na 238 kwa vitabu visivyo vya kubuni, huku kusoma kwa sauti kukiwa na wastani wa maneno 183. Takwimu hizi haziwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye Kiswahili, ambamo neno moja kama "tulipowasomea" hubeba kazi ambayo lugha nyingine huigawa kwa maneno matano au sita. Bado uwiano wake una maana kwa kisa hiki. Sauti humpunguzia msomaji kasi kwa takriban theluthi moja, na upungufu huo, ambao katika riwaya ya upelelezi ungekuwa kero, katika ushairi ndio unaoruhusu sikio lifanye kazi yake.

Mabadiliko yalianza pale msomaji aliposhauriwa kuachana na kurasa na kujipa shairi moja tu kwa usiku, alisome kwa sauti, kisha alirudie. Alianza na shairi la tarbia lenye beti tano. Kila ubeti ulikuwa na mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani 16, yaani silabi 16, iliyogawanyika nane nane, na mshororo wa mwisho ukirudiwa katika kila ubeti kama kibwagizo. Katika usomaji wake wa awali alikuwa akikiruka kibwagizo kuanzia ubeti wa pili, kwa kuwa macho yalikitambua na kukihesabu kuwa ni marudio. Aliposoma kwa sauti hakuweza kukiruka, kwa sababu ubeti usingekamilika mdomoni. Hapo akabaini kwamba maneno yale yale hayakusema jambo lile lile: katika ubeti wa kwanza kibwagizo kilikuwa onyo kwa mtu mwingine, katika wa tatu kikasikika kama majuto ya msemaji mwenyewe, na katika wa tano, baada ya habari ya kifo, kikawa karibu dua. Mshairi hakubadilisha hata silabi moja. Alichokibadilisha ni mishororo mitatu iliyotangulia. Msomaji aliyezoea kuruka marudio asingeweza kuliona hilo kamwe, na ni kwa sababu ya tabia ile ile iliyomfanya kuwa msomaji hodari wa riwaya za upelelezi.

Mashairi ya mtindo huru yalimtaka kitu kingine tena, kwa kuwa humo hakuna vina vya kumsimamisha, na mshairi hutumia urefu wa mshororo na nafasi tupu kuamua wapi pumzi ikatwe. Hapa alichukua muda zaidi, na kwa maoni yangu bado hajafika mbali. Lakini tofauti kati ya kutopenda shairi na kutolisoma alikuwa ameshaishika.

Tamthilia ilifufuliwa kwa njia ambayo ninaiona kuwa ya busara sana. Tatizo lake la mwanzo lilikuwa la macho: majina ya wasemaji yaliyoandikwa upande wa kushoto aliyapuuza, na maelekezo ya jukwaani yaliyowekwa kwenye mabano aliyaruka, kwa kuwa aliyachukulia kama maelezo ya mandhari ya riwaya. Baada ya kurasa chache hakujua tena nani anasema na nani yuko wapi. Alipoirudia, aliandika majina ya wahusika kwenye vipande vya karatasi, akawa anakiweka mezani kipande cha kila anayeingia jukwaani na kukiondoa cha kila anayetoka. Katika onyesho la pili, lile lile lililomshinda, wazee wawili walikuwa wakijadili siri ya familia kwa kurasa nzima. Vipande vya karatasi vikamwonyesha kwamba mezani kulikuwa na watu watatu. Binti aliyeagizwa kukaa mwanzoni mwa onyesho hakuwa ametoka. Hakuwa amesema neno, kwa hiyo kwenye ukurasa alikuwa ametoweka, lakini jukwaani watazamaji wangemwona muda wote akisikiliza. Msomaji akayaelewa ghafla matendo ya binti huyo katika onyesho la nne, ambayo mtu aliyesoma maneno pekee angeyaona kuwa hayana sababu. Tangu hapo alikubali kwamba tamthilia ni maandishi ya kitu kinachotendeka mahali fulani, mbele ya watu, kwa muda usiokatizwa sana, na akajiwekea kanuni ya kuisoma yote kwa kikao kimoja au viwili vya siku moja ya mapumziko, badala ya kuigawa katika vipande vya usiku.

Kuhusu hadithi fupi, ushauri aliouhitaji ulikuwepo tangu zamani, na ulitolewa na Poe huyo huyo. Akiandika mwaka 1842 kuhusu hadithi za mwenzake Nathaniel Hawthorne, Poe alieleza kwamba nguvu ya kisa kifupi hutegemea kusomwa kwa mkao mmoja, kwa muda wa kati ya nusu saa na saa moja au mbili, kwa sababu shughuli za dunia zikiingia katikati huuvunja umoja wa athari yake. Msomaji wetu alikuwa akifanya kinyume mara mbili. Kurasa zake thelathini wakati mwingine zilimkatisha katikati ya hadithi, na wakati mwingine zilimlazimisha kuanza hadithi ya pili dakika ile ile aliyomaliza ya kwanza, kabla mwisho wake haujatulia. Alipoanza kusoma hadithi moja na kufunga kitabu, malalamiko ya kutowazoea wahusika yalikwisha yenyewe.

Riwaya ya mapenzi ilileta suala la aina nyingine. Hapa umbo halikuwa geni, na kitabu alikimaliza, lakini alikichukia na kutangaza kwamba utanzu mzima hauna maana kwa kuwa mwisho unajulikana tangu mwanzo. Ninaamini hukumu hiyo ilikosea kwa sababu mbili. Kwanza, aliuhukumu utanzu kwa kitabu kimoja, jambo ambalo asingemruhusu mtu yeyote kulifanya kuhusu riwaya za upelelezi. Pili, alitumia kigezo cha utanzu wake wa nyumbani, ambamo mwisho kujulikana ni kasoro kubwa. Katika riwaya ya mapenzi mwisho mwema mara nyingi ni sehemu ya makubaliano kati ya mwandishi na msomaji, na swali linalosukuma kurasa ni vipi watu hawa wawili watakavyoshinda kilicho ndani yao kinachowazuia. Alikubali kusoma kitabu cha pili cha utanzu huo. Hakikumfanya mpenzi wa riwaya hizo, lakini safari hii aliweza kueleza ni nini kilichofanywa vizuri na ni nini kilichomchosha, na maelezo ya namna hiyo ndiyo ninayoyaita kusoma utanzu.

Suala la kuacha kitabu njiani linahusiana na hilo. Mwandishi wa Kifaransa Daniel Pennac, katika orodha yake ya haki 10 za msomaji aliyoichapisha mwaka 1992, aliiweka haki ya kutomaliza kitabu katika nafasi ya tatu, na wasomaji wengi wanaojiwekea changamoto huikumbatia kwa shukrani. Nami naiunga mkono kwa usomaji wa kawaida. Katika changamoto ya tanzu, hata hivyo, naona inafaa iongezewe sharti: kabla ya kuacha, msomaji ajiulize kama kimemchosha kitabu au namna yake ya kukisoma, na kama ni kitabu, basi akitafute kingine cha utanzu huo huo kabla ya kulifuta jina la utanzu kwenye orodha. Msomaji huyu angeiacha tamthilia ile kwa haki kamili, na asingemwona binti aliyekaa kimya.

Kuna athari nyingine ya hesabu ambayo ilijificha vizuri. Lengo la vitabu kumi na viwili kwa mwaka lilimsukuma achague vitabu vyembamba kila alipochelewa, na mara mbili alichagua kitabu kwa unene wake kabla hata ya kusoma maelezo ya jalada la nyuma. Wembamba wenyewe hauna ubaya, na diwani nyembamba inaweza kudai miezi. Ubaya ni kwamba uamuzi wa nini kisomwe ulikuwa umehama kutoka kwa msomaji kwenda kwa tarehe. Daftari lilipopangwa upya, safu ya kurasa iliondolewa, na mahali pake pakawekwa safu ya kipimo, ambayo hutofautiana kwa kila utanzu: shairi moja, onyesho moja au tamthilia nzima, hadithi moja. Kitabu cha sayansi kilipimwa kwa swali, yaani kila kikao kilianza na swali lililoandikwa na kuisha pale jibu lilipoweza kuandikwa bila kutazama kitabu. Tawasifu na kitabu cha safari havikuhitaji kanuni mpya. Alivisoma karibu kama riwaya, isipokuwa kwamba alijizoeza kujiuliza mara kwa mara mwandishi amekaa kimya kuhusu nini, kwa kuwa anayesimulia maisha yake mwenyewe ndiye anayeamua nini kiachwe. Kitabu cha vijana alikimaliza kwa siku mbili, na kilimpendeza kuliko alivyotarajia.

Badiliko ambalo hakuna aliyelipanga lilionekana katika riwaya za upelelezi zenyewe, ambazo hakuziacha. Baada ya tamthilia alianza kuhesabu nani yupo chumbani wakati wa mahojiano ya washukiwa, hata wale wasiosema. Baada ya ushairi aliacha kuruka sentensi zilizorudiwa, na katika riwaya moja alimtambua mhalifu mapema kwa sababu shahidi alitumia maneno yale yale mara tatu, kila mara kwa hali tofauti. Sisemi kwamba hiyo ndiyo faida kuu ya changamoto, maana ushairi haukuandikwa ili kusaidia kukamata wauaji wa kubuni. Lakini ni ushahidi kwamba namna mpya za kusoma zilikuwa zimeingia kweli, kwa kuwa zilianza kufanya kazi mahali ambapo hakuna aliyeziagiza.

Kitabu cha falsafa hakijamalizwa, na mwaka umekwisha, hivyo kwa masharti ya awali changamoto haikutimia. Msomaji anakisoma kwa kipimo cha hoja moja kwa kikao: anaandika dai la mwandishi kwa sentensi moja, kisha sababu zinazolishikilia, na akishindwa kuandika anarudi mwanzo wa aya. Kwa mwendo huo kurasa nne ni kazi ya jioni nzima, na sura ya pili imemchukua muda mrefu kuliko riwaya yoyote katika orodha. Sioni sababu ya kumhimiza aongeze kasi. Ameamua kwamba orodha mpya haitaandikwa hadi kitabu hiki kifike mwisho, na kwamba itakapoandikwa, kipimo cha kusomea kitaamuliwa kabla ya jina la kitabu, ambapo mada tatu zenye umbo moja zitahesabiwa kuwa utanzu mmoja.